Dawati la Nyuma

Sumbawanga, Alhamisi, saa kumi jioni

Dada Tabu, shikamoo.

Kama hujaipeleka kwa afisa elimu ile barua yangu ya kuomba kuachia ualimu mkuu, subiri kwanza umalize kusoma hii.

Baridi ya huku ni kali, na sweta ulilonilazimisha kubeba silivui. Asante sana. Jana, kwenye shule niliyokuja kujifunza, mwalimu mkuu aliingia mwenyewe kufundisha hesabu, walimu wake wakakaa dawati la nyuma kumwangalia. Ndiyo desturi yao: anaanza yeye, ndipo wao wanafuata. Kwenye chai mwalimu mmoja akamwambia, "Mama, maswali umeuliza wewe, majibu umetoa wewe. Watoto leo walikuwa likizo!" Mama akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akanigeukia: "Mgeni, kesho zamu yako."

Leo nimefundisha. Wakanipa ushauri mmoja tu: nilizungumza na safu ya mbele pekee. Haukuniuma, dada. Mimi huwa nasimama dirishani na daftari, naandika makosa ya walimu wangu, halafu nashangaa wananinunia. Hilo nimeliandika kwenye shajara, na tarehe nimeweka.

Mchana wamenilisha ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika waliotoka Kipili, nikaongezwa bila kuomba.

Jumatatu shuleni kwangu nitaanza mimi, walimu wangu wakae nyuma. Barua iwashie jiko, unywe chai kwa afya yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Gervas