Maharagi ya Mama Esperance

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Mulongwe tuko wazima. Mto ulijaa lakini haukuingia mu nyumba, na baba yako mudogo amerudi kazini Kalundu.

Unaniuliza kama zamani tulijua kubadilisha mazao, vile mnafundishwa huko masomoni. Tulijua, ila minye nilielewa vizuri wakati wa vita. Tulikimbia kutoka Sange, tukakaa Burundi misimu mitatu. Kurudi, nikakuta shamba langu la muhogo limejaa maharagi ya jirani yetu aliyebaki, Mama Esperance. Nikashika jembe niyang'oe.

Akaniambia polepole: "Acha nivune, kisha panda muhogo wako. Udongo umepata nguvu."

"Na weye mbona hukupanda muhogo?" nikamuuliza kwa hasira. "Si ndio unashibisha?"

"Muhogo unakaa mwaka mzima mu udongo," akasema. "Maharagi ni miezi mitatu tu. Kila musimu nilifikiri mtarudi."

Niliweka jembe chini, tukavuna pamoja.

Siku ya mtihani, andika vile mwalimu alisema juu ya udongo. Hii ya Mama Esperance ikae na weye.

Nyanya yako