Nazi Ile Ilipandishwa na Nani?

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua zangu tatu zimerudi hapa Temeke na mihuri mgongoni, zote zinasema hupo. Mara tunasikia unafundisha Tabora, mara umevuka kwenda Kongo. Basi hii naipeleka gazetini, na atakayeisoma naye yuko karibu nawe, namwomba akupe. Mwandiko wangu unaujua ulivyo mbovu, lakini ulimi ninao.

Nakumbuka ulivyokuwa ukija likizo kutoka shule ya bara. Hata maji hujanywa, umeshaniita uani unifundishe. Mie nilikuwa nimetolewa darasa la nne nimsaidie mama, na wewe ukasema mbuzi ya nazi haikuni akili. Ukachora duara mchangani, ukaniambia hiyo ndiyo dunia, na pande zote imezungukwa na uga wa mvutano. Hauonekani wala haushikiki. "Popote utakapoiweka nazi, uga umeshatangulia," ulisema. "Hata nazi isipokuwapo, uga upo." Nikakucheka, nikasema kaka kaletewa majini na Wazungu.

Siku nyingine ukanieleza habari ya akiba. Kila kitu kilichopandishwa juu kimebeba akiba ya kazi iliyokipandisha, na akiba hiyo haijali umepita njia fupi au ndefu, inajali tu umefika juu kiasi gani. Mama alikuwa ndiyo kwanza anatua debe la maji kutoka kisima cha bondeni, kapita njia ya kuzunguka kwa sababu ile ya mkato ilikuwa na utelezi. "Haijali?" akasema. "Mwambie huyo akiba wako, miguu yangu inajali!" Tulicheka mpaka ukakaa chini. Sijacheka tena namna ile.

Na baba, mkwezi wa minazi, aliyekwea tangu hajaota ndevu, alikuwa kando anasuka kamba yake ya kuteremshia madafu. Akauliza taratibu, "Mwanangu, unasema nazi iliyo juu ina kazi ya aliyeipandisha. Mie nimekwea miaka yote hii, sijapandisha nazi hata moja. Mie naziteremsha. Ile nazi ilipandishwa na nani?" Ulifungua daftari, ukalifunga. Ukasema utamjibu kesho.

Kesho yake ndiyo siku mbaya.

Walikuja watu kuchukua madafu ya harusi. Baba alikuwa amefika kidato cha nne au cha tano katika vile vilivyochongwa kwenye mnazi mrefu, kamba begani. Wewe hukuwa ukimtazama baba, ulikuwa umeinama mchangani na kijiti chako, unapiga hesabu. Mara ukainua kichwa, ukatangaza mbele ya wageni wote, "Baba, ukianguka kutoka kileleni pale, utafika chini kwa mwendo wa lori lisilo na breki!"

Kaka, wewe! Umezaliwa na kukulia nyumba ya mkwezi. Neno lile kwetu halikuwa likitajwa. Sahani ikituponyoka mama alisema imeshuka. Na wewe umelitamka baba akiwa mtini.

Baba alishuka, na wageni wakaondoka mikono mitupu. "Unanichuria mkosi, mwanangu?"

"Sikuchurii, baba. Ni hesabu."

"Hesabu ya kunizika?"

Ulikuwa umeshakivunja kijiti chako vipande vipande. Mie niliona, lakini baba hakuona. Ukasema, "Acha kukwea. Sirudi nyumba hii mpaka utakapoacha, sitaki kuitwa nije kuokota mzazi wangu chini ya mnazi." Ukabeba sanduku lako la bati. Baba akapanda tena, na safari ile alikwea mpaka kileleni, kwa hasira tu.

Nilikukasirikia sana. Nilisema msomi gani huyu asiyejua pa kufunga mdomo. Baadaye nikaliokota daftari lako uvunguni. Ukurasa wa mwisho umeandika urefu wa mnazi ule mara sita, na kila mara umejaribu kuupunguza ili jibu liwe dogo. Nililia, kaka. Nikajua ulikuwa unamwogopea.

Sasa sikiliza. Baba yu hai, na hakuanguka. Neno hilo leo naliandika kwa mkono wangu, maana hapana tena wa kumchuria. Ameacha kukwea. Mfungo uliopita aliitundika kamba ukutani, akaniambia, "Mwandikie kaka yako. Mwambie hesabu yake niliikubali siku ile ile. Ilinishinda kujishusha mbele za watu." Magoti yamekwisha, macho nayo yanakwenda. Huketi barazani, na kila akisikia sanduku la bati likigonga kitu njiani hugeuza kichwa. Mama hutandika mkeka na kuacha nafasi yako upande wa mlango, kila siku, na hakuna anayekaa pale. Ndipo nilipouelewa ule uga wako. Ulisema pia ukienda mbali mvutano hupungua lakini haukatiki, hata uende wapi. Basi huko uliko lazima unauhisi kidogo. Nasi tunauhisi, na si kidogo.

Bado anauliza swali lake. "Hajanijibu," husema, "aliahidi kesho."

Jibu ninalo. Nimelitafuta mwenyewe kwenye daftari lako, mie wa darasa la nne. Mnazi wenyewe ndio uliopandisha, kaka. Umenyonya maji ardhini, tone kwa tone, ukayapeleka juu kwa nguvu ya jua, ukayafanya nazi. Lakini simwambii. Jibu ni lako, na analingoja kwako. Yeye hajui kusoma, na gazeti likija ni mie nitakayemsomea, na hapa nitaruka.

Njoo umjibu, kaka, angali anauliza.

Mdogo wako,
yule wa kukuna nazi