Nilifua Shati Lenye Damu, Sasa Polisi Wanataka Mate Yake

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi baridi, manyunyu tangu saa kumi na mbili, nguo hazikauki.

Mpendwa Mama Patrobas, naomba msaada wako kabla sijamsaidia mtu mwingine tena, maana kila ninayemsaidia anazidi kuzama. Mimi ni Nabwire wa mtaa wa Tena, nashona viatu sokoni Kariokor, na tangu kidato cha pili naandika shajara kila siku, hali ya hewa, mambo ya siku na saa ya kulala, na kwetu mimi ndiye wa kuulizwa kila kitu kwa sababu nilimaliza shule na nasoma kila kijikaratasi kinachogawiwa sokoni.

Jumanne asubuhi mdogo wangu Masinde alikamatwa mtaani Mukuru kwa Njenga akienda kibarua, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo ghala moja karibu na hapo lilivunjwa, bawabu akapigwa hadi akazirai, na mwizi akajikata kwenye kioo cha dirisha akaacha damu, naye Masinde alikuwa amefungwa kitambaa mkononi na shati lake la kazi lina damu. Damu hiyo ni yake, alijikata Jumatatu jioni kibandani kwangu akinikatia tairi la kushonea viatu vya akala.

Basi nikafanya kama tunavyofanya sote ndugu akiwa ndani, nikampelekea chakula na shati safi, nikabeba lile chafu, na askari wa kaunta hata hakuuliza. Nyumbani nikaliloweka kwa maji baridi na chumvi, nikasugua, nikapiga pasi, kisha nikaandika kwenye shajara: "Doa la damu, mkono wa kulia, limetoka kabisa. Nimefurahi."

Alhamisi Inspekta Wahome akaniita.

"Madam, ile shati alikuwa amevaa iko wapi?"

"Hii hapa, afande. Nimeifua."

"Umeifua?"

"Na kupiga pasi."

Aliligeuza, akalinusa, kisha akasema, "Hata kola umeinyoosha."

Sasa wanataka sampuli ya mate ya Masinde wailinganishe na damu ya kwenye kioo, na inspekta amenionyesha agizo la maandishi, lakini Masinde amekataa, anasema mpaka sista aseme, na sista huyo, yaani mimi, ndiye aliyemnong'oneza Jumanne, "Usiwape hata unywele mmoja, watakuwekelea kesi," ushauri niliouokota kwenye kijikaratasi nilichosoma ukurasa wa kwanza tu. Jumatano ijayo anarudi kortini, na wizi wa mabavu si kosa la kufungwa miezi miwili.

Jirani yangu Mitchelle ananiambia, "Choma hiyo kitabu, Nabwire. Umejiandikia mashtaka na tarehe!" Je, niichome? Nimwambie Masinde akubali? Na nikikiri kwamba nilifua, si nitatiwa seli ya wanawake, na huko nani atanifulia?

Jana nililala saa tisa na dakika ishirini za usiku, na hilo pia nimeliandika.

*

Nabwire, nilikupigia simu siku ileile barua yako iliponifikia. Jibu nalichapisha hapa gazetini kwa sababu wanaofua mashati ya kaunta si wewe peke yako.

Pole. Sasa weka kiberiti chini. Ulipofua hukujua; ukichoma leo utakuwa unajua, na hapo inspekta hatasifu kola. Tena hicho kitabu kinasema nini Jumatatu, tarehe tisa? Ulinisomea mwenyewe kwa sauti ya hakimu: "Masinde amejikata, saa kumi na moja na robo, kisu cha tairi. Koki wa kibanda cha pili ametupatia kitambaa." Mama wee! Una saa, una shahidi, halafu unatafuta kiberiti!

Kuhusu mate: kwa kosa zito, inspekta au mkubwa wake anaweza kuagiza kwa maandishi sampuli ichukuliwe, na korti pia inaweza kuamuru. Agizo hilo lisomwe na wakili, si na wewe, maana wewe huishia ukurasa wa kwanza. Shati lingeweza kuonyesha kwamba damu ni yake peke yake. Hilo umelisugua likaisha. Mdomo wake bado hujaufikia. Kama damu ya kwenye kioo si yake, ile pamba ya kuchukulia mate mdomoni ndiyo itakayomtoa.

Lakini nina neno. Barua nzima umeeleza chumvi na pasi, wala huandiki popote kwamba ulimuuliza Masinde usiku ule alikuwa wapi. Umemfulia, umemwamulia, hujamuuliza. Muulize mbele ya wakili, kisha unyamaze, hata kama huku kunyamaza ni somo jipya kwako. Kukubali au kukataa kuwe kwake.

Jumatatu asubuhi nenda kwa wakili wa msaada wa kisheria ukiwa na shajara na Koki. Andikisha maelezo yako polisi wakili akiwepo: nilifua, siku fulani, saa fulani. Ombeni daktari aangalie lile jeraha kabla halijapona. Na kitambaa kilicho mkononi mwake, Nabwire, ukikiona kimechafuka, usikiguse.

Ukimaliza, funga kitabu ulale. Saa ya kulala, usiku huo mmoja, usiiandike.