Uzi Mnene Nimeuacha

Karakana ya Maige,
Igoma, Mwanza.
9 Novemba.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo nyingine umpelekee Mama, maana nikimwamkia kwa simu ananijibu kwa kuniuliza nimekula nini. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na yule jogoo anayewika saa nane mchana hamjamchinja bila mimi. Huku mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa na nimeota ndevu saba. Ukisikia mtu anasema ni tano, ujue ni Maige, bosi wangu, ana wivu.

Utashangaa barua, wakati kila mtu ana simu. Lakini simu wewe umeikataa mwenyewe. Kila nikipiga unampa Mama, unasema masikio yako hayafai tena. Nikaona niandike, kwa sababu macho hujayalalamikia bado. Mwandiko uuvumilie. Unajua mimi na shule tuliachana kidato cha pili, na hakuna aliyelia, si mimi wala shule.

Kazi inakwenda vizuri. Igoma nzima hakuna kijana anayechomelea geti kama mimi. Juzi mteja alisimama dakika nzima anatazama maua niliyokunja kwenye geti lake, akasema hajawahi kuona. Maige akadai mteja alikuwa anatafuta geti linafungukia wapi. Ndiyo maisha yetu hapa.

Sasa kuna kisa. Mwezi uliopita Maige alinikataza kushika chuma kilichotoka motoni bila glavu. Nikamjibu kwamba mimi ni mtoto wa mvuvi wa Rorya, mikono yetu haijui moto wala baridi. Nikashika. Baba, mikono yetu inajua moto. Vidole vitatu vya kushoto viliungua, nikabaki na gumba na kidole cha shahada. Maige alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanipakia kwenye pikipiki yake akanipeleka zahanati, na njia nzima alikuwa ananiuliza kwa upole kama bado ninasikia maumivu.

Vidole vimeshapona, usimwambie Mama. Kilichoniuma zaidi ni Jumapili, maana mimi ndiye mpiga gitaa wa kwaya, na siku hiyo nafasi yangu walimpa mwanachuo mmoja wa ualimu kutoka Butimba, anayepiga kama anasahihisha mitihani. Nikarudi nyumbani na hasira, nikakaa mlangoni mchana kweupe na lile gitaa ulilonipa, nikijaribu kulipiga kwa kidole kimoja. Lilitoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa.

Nilitaka kuliweka chini. Halafu nikautazama mkono wangu ulivyofungwa bandeji, nikauona wako. Kamba ya injini ya mtumbwi ilichukua vidole vyako viwili kabla mimi sijazaliwa, na bado nimekua nikiona watu wanaacha ugali kuja kucheza ukishika gitaa. Sikuwahi kujiuliza mtu mwenye mkono kama huo anafanyaje. Nilidhani ni kwa sababu tu wewe ni Baba.

Basi nikaanza kulegeza nyuzi. Uzi mwembamba wa chini nikaushusha kidogo, na wa tano nao. Zile tatu za katikati nikaziacha zilivyo, na ule mnene wa juu nikauruka. Nikapiga bila kushika popote, na Baba, zikakubaliana! Gitaa liliimba lenyewe, mkono wa kushoto umekaa bure. Nikalaza kidole changu kimoja juu ya nyuzi zote, nikakisogeza mbele, nikakirudisha, na mara nikasikia ule wimbo uliomtungia dada Favour alipozaliwa. Si wote, mwanzo tu. Jirani yetu Ng'washi alikuwa anachambua dagaa wake pale uani, akaacha, akaniuliza nani kanifundisha. Unanijua, nilifungua mdomo kusema nimebuni mwenyewe. Badala yake nikamwambia ni Baba.

Wiki hiyohiyo dada Favour akapiga simu. Alisema siku ya harusi yake, Januari, alitaka atoke nyumbani huku unampigia wimbo wake. Akasema umekataa, umemwambia kwinini ilikumaliza masikio, atafute DJ mwenye spika kubwa. Alilia, Baba. Dada yetu ambaye hata ng'ombe alipomkanyaga mguu alimtukana tu ng'ombe. Mwishoni akaniomba nipige mimi badala yako. Nikajibu haraka kwamba amepata mtu, kwamba kuanzia Musoma mpaka Mwanza hakuna anayenifikia. Nikakata simu, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Siwezi kukaa kwenye kiti chako, Baba. Nitakuambia kwa nini, na tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujamwita Mama.

Mwaka ule ulipolazwa siku nane kwa malaria, wakakutundikia dripu za kwinini, mimi nilikuwa ndiyo nimeanza kujifunza gitaa kanisani kwa mwalimu Yeremia. Nilijua nyimbo mbili, nikajiona profesa. Nikashusha gitaa lako pale juu ya kitanda, nikalipiga, nikaona nyuzi zimelegea, hazifuati alivyotufundisha. Nikasema maskini Baba, miaka yote hii anapiga gitaa bovu, hakuna aliyethubutu kumwambia. Nikaazima simu ya mwalimu, ile yenye kipimo cha nyuzi, mshale na taa ya kijani, nikakaza mpaka taa ikawaka kwa kila uzi. Ule mnene niliuzungusha hadi nikaogopa utakatika. Nilitaka ukirudi ufurahi. Hilo naapa.

Ukarudi, masikio yanavuma, na daktari alikuwa amesema mvumo utaisha baada ya wiki mbili. Siku ya pili ukaomba gitaa. Ukalaza kidole, ukapiga mara moja. Uso wako wa siku ile ninao mpaka leo. Ukajaribu kulegeza na kukaza, lakini kwa sababu ya ule mvumo wewe ukazidi kupotea, ukauliza mbele ya Mama kama kuna mtu aliyeligusa. Mimi nikasema hakuna. Ukaligeuza likatazama ukuta, ukasema kwinini imekula masikio. Mvumo ukaisha, wewe hukulishika tena. Na nilipokuja Mwanza ukanikabidhi, nami nikalipokea kama zawadi, nikijua.

Masikio yako hayana kosa, Baba. Siku ile ulisikia sawasawa kabisa. Gitaa ndilo lilikuwa si lako, na aliyelibadilisha ni mimi, na aliyekudanganya ni mimi. Nisamehe. Kama huwezi sasa hivi, nitasubiri. Nitakuja wiki moja kabla ya harusi, fimbo utakayochagua nitaikubali, ila usimtume Mama kuichagua, anapenda nene.

Gitaa nimempa Josephat, utingo wa basi la kwetu, nimelifunga kwa blanketi langu. Nyuzi tano nimezipanga nilivyoweza. Ule mnene nimeuacha umelegea kabisa. Nimejaribu kila mahali, sijui ulikuwa unaushusha mpaka wapi, na hakuna simu yenye taa ya kijani inayojua. Anayejua ni wewe.

Ukishaukaza, nipigie. Simu usimpe Mama. Iweke tu karibu na gitaa, usiseme neno, mimi nitasikia.

Nisalimie Mama, dada Favour na shemeji mtarajiwa, mwambie harusini nitambeba mgongoni akichoka kucheza. Msalimie na jogoo. Maige anakuamkia, anasema nikirudi kutoka harusini nije na glavu. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao, fundi mkubwa wa Igoma na mwongo mdogo wa nyumbani,

Okal Otuoma