Marehemu Aliyeomba Viza

Hobart, 9 Juni

Mdogo wangu mpendwa Harkajit,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi hii inayouma mifupa. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Na wewe, bado unafundisha ile shule ya ng'ambo ya mto? Mimi mzima, na ile viza ya wahitimu nimeipata. Lakini hujui nilivyoipata, maana Mama alinisihi nisikueleze kwa simu.

Oktoba, nilipomaliza masomo ya uuguzi, maombi yangu yalikataliwa. Barua ilisema Mankumari Rai wa kijiji chetu, mwenye jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa na wazazi wangu, alifariki akiwa na miaka miwili. Niliisoma nimesimama jikoni. Dengu ziliungua, sikusikia hata harufu.

Nilikwenda kwa wakili wa uhamiaji, Bi Fenella Quirke, mama mtu mzima asiye na haraka. Alisoma, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Kwa karatasi hizi, binti, anayenimalizia biskuti ni marehemu." Nilicheka, kisha nikalia. Akasema muda wa kukata rufaa ni mfupi, nimpigie Mama palepale.

Mama akaeleza kwamba kabla yetu alikuwapo dada, homa ikamchukua. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi. "Mwili niliuzika," alisema, "jina sikuweza." Nikapewa jina lake na cheti chake. Baba, alipoanza kuugua nikiwa tayari huku, alikwenda kimyakimya ofisi ya kata akaandikisha kile kifo, asije akafa na uongo ule moyoni.

Bi Quirke alikusanya kiapo cha Mama, maelezo ya mkunga, hata kadi yangu ya chanjo. Ilichukua miezi saba. Siku ya rufaa waamuzi waliniuliza kama nilikuwa najua. Niliapa kwamba sikujua, wakaniamini, nikashinda.

Harka, nilijua.

Nikiwa na miaka saba, nikichunga mbuzi juu ya shamba la ulezi, niliona jiwe lililochongwa jina langu. Sikumwambia mtu. Nilirudi kila siku kulala juu yake. Lilikuwa na joto hata siku za ukungu. Mama akiniita kutoka nyumbani, sauti ya kitoto iliitika "Abee" kabla yangu. Nilidhani ndivyo ilivyo kwa watu wote.

Huku nilikuwa sijaisikia. Lakini siku ile ya rufaa, karani alipoita jina langu mlangoni, sauti iliitika karibu kabisa na sikio langu, bado ya mtoto mdogo. Bi Quirke hakugeuka. Tangu hapo nikiitwa nasubiri kwanza.

Hayo ya kiapo nihukumu utakavyo. Ila hili la sauti usimwambie Mama, nakuomba. Atanipigia kila siku, ataita jina, halafu atanyamaza asikilize.

Msalimie shangazi na majirani wote wanaoniulizia. Jitunzeni.

Dada yako,
Mankumari, yule wa pili