Mafuta Mekundu

Buzebazeba, Jumanne

...na bado mikono inanuka mawese, kama nimeshinda jikoni kwa mama ntilie.

Asubuhi, kabla ya kwenda Kidahwe kukata nguzo za nyumba za wakimbizi wapya, nilimwambia mke wangu achanganye petroli ya msumeno na yale mafuta mekundu, kidogo tu. Alikuwa ananyonyesha, akamwachia mama yake kazi. Mama mkwe, tangu avuke kutoka Burundi, hapendi kukaa bure. Na kwake mafuta mekundu ni mawese. Oili yangu ya injini wala hakuitia.

Msumeno ukawaka kwa moshi mzito unaonukia samaki, migebuka ya kukaanga. Nikadhani ni kabureta. Nikakaza skrubu ili moshi upungue; injini ikapata moto hadi ikaniunguza kiganja, ikazima moja kwa moja. Wabeba nguzo wakauliza chakula kitaiva saa ngapi!

Jioni ndipo mke wangu aliponieleza. Angekuwa shemeji, ningemfukuza. Lakini mama mkwe?

"Mkwe wangu, mashine imeshiba?" akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Imeshiba, Mama. Asante sana."

Kesho sijui nitakata kwa kifaa gani. Pistoni sijaifungua, naogopa nitakachokuta...

Kisha yakaletwa maharage aliyopika yeye, mekundu, yanang'aa mafuta. Nikasema nakwenda kunawa. Nikaenda kuangalia kama chupa yangu ya oili imepungua.