Namba Kumi na Saba Bado Ipo

Ardhi ya Mkataba ya Ziwa la Korongo,
Njia ya North Battleford,
Saskatchewan, Kanada.

14 Julai 1962

Mpendwa mdogo wangu Filomena,

Salamu zangu zivuke mpaka zikufikie huko Montana, wewe na wote walio chini ya dari lako. Magoti yanaendeleaje? Na lile jicho la kushoto limepona, au bado unaona watu wawili wawili? Mimi ni mzima. Nina miaka themanini na minne, nami nimeyapita mafua makubwa ya mwaka 1918, mawakala saba wa serikali, farasi kumi na mmoja, na yule daktari aliyeniambia mwaka 1931 kwamba sitaiona theluji nyingine. Yeye ndiye hakuiona.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mjukuu wangu Doreen ananisahihishia herufi tu, maneno ni yangu.

Sasa kaa chini, mimina chai, maana habari ni kubwa. Nimepiga kura.

Najua unacheka. Miaka yote hii unanitania kwamba ninyi wa upande wa Amerika mnapiga kura tangu 1924, na kaka yako amekaa tu kama gogo. Lakini sababu unaijua. Huku kwetu aliyetaka kura aliambiwa kwanza atoke kwenye Mkataba, ule wa wazee wetu na serikali. Mkumbuke kaka yetu Cyprien. Alirudi kutoka vitani Ufaransa na nishani kifuani, akataka kupiga kura kama askari wenzake, akaitia alama karatasi yao ya kujitoa, na jina lake likafutwa kwenye orodha yetu ya watu wa Mkataba. Akaishi kibandani kando ya reli huko mjini. Alipokufa tulimwomba wakala tumlete alale karibu na mama, wakala akasema huyo si wenu tena. Mpaka leo amelala katikati ya watu wasioweza hata kulitamka jina letu.

Ndiyo maana ilipotoka sheria mpya miaka miwili iliyopita, kwamba sasa tupige kura na Mkataba ubaki, mimi nilisimama mkutanoni nikasema siigusi kalamu yao. Babu yetu aliigusa mwaka 1876. Karani akaandika msalaba mbele ya jina lake, na haukupita muda tukawa tunaomba kibali hata cha kwenda mjini kuuza kuni. Mimi nina mahali pangu kilimani, kando ya marehemu mke wangu Marguerite. Nimepazungushia uzio mwenyewe, na uzio kama ule hakuna mkoa mzima. Nikifutwa kwenye orodha, nitalazwa wapi? Hilo ndilo lililonizuia.

Basi sikiliza. Mwanzoni mwa Juni mvua ilinyesha siku tatu, na gari moja la bluu likazama kwenye tope pale chini ya kanisa. Ndani yumo mgombea ubunge. Tangu nizaliwe hakuna mgombea aliyeijua njia ya kuja kwetu, na huyu aliijua vibaya. Nikamvuta kwa farasi wangu wawili wa kijivu, ambao ukiwaambia walivute kanisa watalivuta. Kiatu chake kimoja kilibaki topeni. Akanipa mkono, akasema, "Mzee, wewe unataka Ottawa wafanye nini?" Kisha akangoja jibu. Filomena, mawakala saba, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali akangoja. Nikamwambia, "Anza na hii barabara iliyokula kiatu chako."

Shemeji yangu Bazil, kaka yake Marguerite, alikuwa ameegemea ua anatazama. Unamjua, tangu ujana hajaniacha nipumue.

"Shemeji, ushauri unampa, kura humpi," akasema. "Unaogopa penseli."

"Mimi?"

"Wewe. Dubu humkimbii, lakini penseli ya inchi nne unaikimbia."

"Na wewe je, utapiga?"

"Mimi naogopa, na nasema wazi kwamba naogopa. Wewe unaogopa halafu unajiita mwenye msimamo."

Maneno hayo yalinitafuna siku nyingi. Tarehe kumi na nane nikavaa kizibao changu, nikatia mfukoni kile kifungo cha shaba cha koti alilopewa babu siku ya Mkataba, nikaenda shuleni walikoweka sanduku la kura.

Mezani alikaa Bibi Hargrave, mke wa yule mkulima wa ng'ambo ya mto anayetuuzia viazi. Nikamwambia anisomee kwanza sheria inayosema Mkataba unabaki. Akasema sheria yenyewe hana, ana maelekezo tu. Nikasema basi nangoja iletwe. Nikakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakinigusa kidevu, na foleni nyuma yangu ikatoka mpaka nje.

"Babu, unawazuia watu," Doreen akaninong'oneza.

"Wamengoja tangu nchi yao iundwe 1867. Watangoja nusu saa."

Doreen akaenda mbio mpaka kwa chifu, akarudi na barua ya serikali inayoieleza sheria, akaisoma mbele ya wote kwa lugha yetu, neno kwa neno. Mtu anapiga kura, Mkataba unabaki. Nikamwambia aisome tena. Akaisoma tena, kwa hasira.

"Haya, nitie saini wapi?" nikamuuliza Bibi Hargrave.

"Hutii saini, mzee. Jina lako halimo kwenye karatasi hii."

Hapo moyo ukatulia kidogo. Lakini wakati huohuo namwona analiandika jina langu kwenye daftari kubwa. Nikauliza daftari linakwenda wapi. Akasema linakwenda kwa wakubwa. Nikaona kibanda cha Cyprien kando ya reli.

Ila watu wote walikuwa wananitazama, Bazil amesimama dirishani, nami sijazaliwa kurudi nyuma. Nikaingia nyuma ya pazia. Penseli wameifunga kwa kamba kama mbuzi. Nikapaza sauti kwamba nitachora dubu, alama ya ukoo wetu. Bibi Hargrave akasema, "Mzee, dubu ataiharibu kura. Msalaba tu." Basi nikaweka msalaba. Na pale ndipo nikaelewa jambo. Babu aliigusa tu kalamu, msalaba wake uliandikwa na mtu mwingine. Huu wangu niliuandika mwenyewe, na hakuna aliyenishika mkono.

Nilimpa nani, sikuambii. Bazil alinipa tumbaku nimwambie. Tumbaku nimeivuta.

Baada ya hapo zikaja wiki tatu ngumu. Nilikuwa nangoja Siku ya Mkataba ya kila mwaka, wakala anapokuja na orodha na polisi wa koti jekundu, kila mtu aitwe apewe dola zake tano tulizoahidiwa maadamu jua linatembea. Ilikuwa Jumanne ya wiki hii. Namba yetu kwenye orodha ni kumi na saba, ya baba na ya babu. Wakaita kumi na tano. Wakaita kumi na sita. Wakala akafungua ukurasa mwingine, akaweka miwani chini, akaomba chai.

"Shemeji," Bazil akasema nyuma yangu, "nikufungie mizigo?" Lakini sauti yake haikuwa ya utani. Na mkono wake ulikuwa begani kwangu.

Wakala akanywa chai yake yote. Halafu, "Kumi na saba. Zacharie Maskwa."

Nikasema nipo. Nilisema kwa sauti hata mbwa wakaamka. Nikamwambia, "Angalia vizuri, mimi nilipiga kura." Akasema, "Najua, mzee, nchi nzima inajua. Sogea, wenzako wanangoja."

Niliitwa, Filomena. Siku hiyohiyo nilipanda kilimani nikamwekea Marguerite tumbaku kidogo kaburini, kama desturi yetu, nikamwambia asimruhusu mtu mwingine kulala upande wangu.

Huku sasa ni vurugu. Hakuna chama kilichopata wabunge wa kutosha kutawala peke yake, na mimi nafikiri msalaba wangu una mkono humo. Wanasema huenda tukapiga kura tena karibuni. Bazil ameanza kujizoeza kuchora msalaba kwenye mavumbi, eti wake utanyooka kuliko wangu. Madaktari wa mkoa nao wamegoma kwa ajili ya mpango wa serikali wa matibabu. Mimi hainihusu, siugui.

Nisalimie mwanao Raphael na mkewe, na yule mjukuu wako aliyezaliwa majira ya baridi, mwambie anaye babu upande wa kaskazini. Doreen anakutumia matunda meusi ya porini aliyoyakausha. Muumba akulinde, akuache na meno ya kuyalia.

Ni mimi kaka yako, ambaye mpaka haujampunguzia upendo kwako,

Zacharie Maskwa, alama yake X, ameiandika mwenyewe.

Mashahidi wa haya yote ni Doreen aliyesoma barua mara mbili, Bibi Hargrave wa ng'ambo ya mto, na Bazil, ambaye atakana habari ya mkono begani, usimsadiki.